Lipe Neno Mnyama Wake

Nakumbuka mchana mmoja kwetu Mabwerebwere, mwanangu, nimekaa jikoni kwa shangazi yangu Tatu na kamusi ya Kiingereza mapajani. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea mahali unisahihishe. Rafiki yangu Masanja, mtoto wa wafugaji wa Msowero, kesho yake alikuwa anaitwa Mikumi kusailiwa kazi ya kuongoza wageni porini. Ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe, na nyumba nzima ilikuwa inamtazama yeye.

Tulidhani maneno magumu ndiyo yatakayombeba. Mimi nasoma, yeye anakariri: neno, maana, aina. Hii nomino, hiki kitenzi. Akichanganya tunaanza upya. Shangazi, yuko kwenye maandazi yake, akamtania kwamba akimeza kamusi nzima atapaliwa. Kisha akataka kujua lile la mwisho linasemaje. Nikamwambia ni "crepuscular", kivumishi, cha kumweleza mnyama anayezunguka alfajiri na magharibi.

"Mnyama gani?"

Nikageuza kurasa. Kamusi haikumtaja.

"Fisi, shangazi," Masanja akasema polepole. "Magharibi ikiingia sisi tunakusanya ndama. Ndiyo saa yake."

"Basi lipe neno mnyama wake. Ukilipeleka Mikumi peke yake litakukimbia."

Tukarudia yote, kila neno tukilitafutia kitu cha Msowero. Yaliyokosa kitu tukayaacha, ingawa mengine yalikuwa matamu kuyatamka.

Masanja alitusimulia baadaye: wasaili walimuuliza angewaambia nini wageni ikiwa jioni, naye akawaeleza habari ya fisi na ndama, neno likaja lenyewe mahali pake. Kazi akapata. Sitasema ni kwa sababu ya neno hilo. Huenda walipenda macho yake ya uchungaji, na kule kukariri nako kulimsaidia, tusikuonee. Alipokuja kumpa shangazi shikamoo, marahaba haijakauka mdomoni, shangazi akamuuliza fisi wake hajambo.

Mwanangu, leo simu inakupa maana na aina ya neno lolote kabla mimi sijavaa miwani. Zichukue zote mbili, ni haki ya neno. Ila usiishie hapo: uliza, na huku kwetu linakaa kwenye kitu gani? Mungu akupe moyo usiochoka kuuliza, na kila neno geni litakalokujia likukute una mahali pa kuliketisha.