Safari ya Visiwani Niliyoipanga Mimi

Mtu asikudanganye: safari ile ya visiwani niliipanga mimi. Darasa la nne sikulimaliza, na mpaka umri ule nilikuwa sijapanda chombo chochote cha majini. Lakini tangu biashara zifunguliwe, nani Moshi alikuwa na duka la vipuri kama langu? Mtu aliyeanza na spana moja hatishwi na bahari.

Mashua ya matanga ilikuwa ya rafiki yangu, Mhindi muuza vitambaa, jirani yangu wa duka. Aliiweka Tanga. Kazi yangu ilikuwa kupanga tutalala wapi. Nilipanda basi hadi Tanga, nikakaa na mabaharia, nikawachimba: kisiwa gani kina ghuba iliyokingwa upepo, wapi chini ni mchanga unaoshika nanga, wapi ni matumbawe yanayokata kamba, wapi maji yakitoka mashua inalala ubavu. Nikirudi napanga vizibo vya soda juu ya kaunta, kila kimoja kisiwa, namfundisha rafiki yangu. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuja kusikiliza tu.

"Mangi, wewe na maji wapi na wapi?" rafiki yangu alinitania.

"Bhai, wewe shika usukani. Pa kulala niachie mimi."

Sharti langu lilikuwa moja: tuondoke baada ya Krismasi. Baba alishafariki, na mimi ndiye mkubwa. Kule kwetu Kilema nyama haigawiwi kabla sijashika kisu. Tukapeana mkono.

Krismasi ikafika, mdogo wangu hakuonekana. Alituma salamu kwamba lori analoendesha limeharibika Korogwe. Wajomba wakaguna. Mchagga gani hapandi nyumbani Krismasi? Nikamtetea mbele ya ukoo mzima: "Kijana anahangaika na maisha, mwacheni." Nikamtengea fungu lake, mama akalifunika kwa jani la mgomba.

Nikashuka mjini na begi langu. Duka la vitambaa limefungwa. Nikaenda nyumbani kwa rafiki yangu, mkewe akashangaa kuniona.

"Kaka, si ulisema huendi? Wameondoka kabla ya sikukuu. Mdogo wako alisema umempa nafasi yako."

Na yule rafiki, niliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, hakuona haja ya kuniuliza.

Baada ya mwaka mpya mdogo wangu akaingia dukani, pua imebabuka kwa jua.

"Shikamoo, kaka."

Badala ya marahaba nikaendelea kuhesabu boliti.

"Ningekuomba nafasi yako, ungekataa, kaka. Kila kizuri ni chako wewe."

Nilitaka kumfukuza. Badala yake mdomo ukauliza: "Kile kisiwa cha pili, nanga ilishika?"

"Ilishika. Kila mahali ni vilevile ulivyosema. Maji meupe, nanga unaiona kule chini."

Nikamwambia anyamaze. Nilitaka kusikia yote, lakini si kwake, na mwingine wa kunisimulia, yule wa upande wa pili wa ukuta, nilikuwa nimeshaacha kumsalimia.