Kofia ya Kornelio na Sikio la Nyangwine

Kornelio wa Gorong'a alirudi kutoka Kericho mwaka wa hamsini na nne na kofia pana, fimbo ya kuvulia, na maneno mengi kuliko mizigo. Huko alikuwa mpishi wa mzee wa Kizungu aliyevua kwa ndoana iliyofungwa manyoya, mfano wa nzi. Ukimsikiliza Kornelio, ungedhani Mzungu ndiye aliyekuwa mpishi.

Akamfundisha rafiki yake Matiko, pale mto Mara. Akamvika na kofia.

"Gusa kofia. Pinda kiuno. Piga mluzi. Rusha."

"Kofia inasaidia nini?"

"Ndiyo ufundi wenyewe, bwana. Wewe umezoea kuchunga tu."

Yule mzee wa Kericho, uzi ukienda nyuma, alikuwa akisimamisha mkono akingoja unyooke. Kornelio alidhani ni uzee, bega linapumzika. Hilo hakulifundisha.

Asubuhi moja Nyangwine, baba mkwe wa Matiko, akaleta ng'ombe kunywa maji nyuma yao. Mkurya hamkodolei macho baba wa mkewe, wala hamgusi. Matiko akageuza uso kwa heshima, akagusa kofia, akapinda kiuno, akarusha bila kungoja. Ndoana ikanasa ndewe ya sikio la mzee, ile ndefu iliyotobolewa tangu ujana. Matiko akavuta. Ndewe ikakatika.

Akakimbilia kichakani, maana kumkaribia mkwe hakuweza. Ndoana na kofia iliyomwanguka akaviokota Kornelio.

"Mkwe ananivua kama kambare," mzee akasema, damu ikimtiririka. "Leo binti yangu Bhoke anarudi kwangu. Nani alikufundisha upuuzi huu?"

"Nilifundishwa vizuri, baba," Matiko akajibu toka kichakani. "Mkono wangu ndio mbaya."

Kornelio, bingwa wa kusema, akainama kukunja uzi.

Jioni akajaribu peke yake nyuma ya zizi. Bila kofia, uzi ukaenda sawa. Bila mluzi, sawa. Bila kungoja, ukamrudia shingoni. 

Kulipokucha akaenda kwa Nyangwine.

"Shikamoo, mzee. Kosa si la mkwe wako. Mimi nilimfundisha madoido, nikaacha kumfundisha kungoja uzi."

"Jana hukuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao, mzee."

Nyangwine akaivua ile kofia kichwani pa Kornelio, akaivaa mpaka ikafunika sikio lililofungwa kitambaa.

"Bhoke," akaita, "rudi kwako."

Tangu hapo, siku za mnada wa mifugo, Kornelio akiiona kofia ile inakuja kati ya ng'ombe, aliiacha hadithi yake ya Kericho katikati, akaenda kusimama upande wa mbuzi.