Aliyeandikwa Amehama

Wendelin hakuwahi kuvaa koti jeupe, lakini upande ule wa kijiji cha Mbingu kila mwenye presha alimjua. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, akizunguka na baiskeli na kipimo chake, akiwagombeza wazee waliofunga chumvi kwenye upindo wa kanga. Aliipenda kazi ile.

Kisha bima ya serikali ikaleta utaratibu mpya: zahanati ipimwe kwa wagonjwa ambao presha yao imetulia, si kwa wingi wa wanaotibiwa. Jambo jema, nani atalikataa? Ila bonde hili lina msimu wake. Mvua zikishika, watu hufunga nyumba na kwenda kukaa kwenye madungu, vibanda vya mashambani, wakilinda mpunga mpaka uvunwe. Huko hawapimwi, na asiyepimwa huishushia zahanati alama.

Fomu ya kufuatilia wagonjwa ilikuwa na majibu matatu kwa kila jina: yupo, amehama, amefariki.

“Wa mashambani waandike wamehama,” alisema nesi Getrude. “Wakirudi tutawaandikisha upya.”

Jina la tisa lilikuwa la Bibiana, dada yake Wendelin, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Jina likishatoka kwenye orodha, mgonjwa hafuatwi wala hatengewi dawa. Wendelin alilijua hilo vizuri. Akajiambia ni miezi minne tu, na dada ni mgumu kama mpingo. Akaandika.

Bibiana alianguka kabla mpunga haujaiva. Vidonge vilikuwa vimemwishia wiki tano kabla. Walimvusha mto kwa mtumbwi, na alipofika ng'ambo hakuwa hai.

“Mama alikuwa anasema mjomba ataleta dawa,” Levina, binti wa marehemu, alisimulia msibani. Hakulaumu, na hilo lilimuuma Wendelin kuliko tusi.

Matanga yalipoisha, matokeo yakafika kwa barua ya pongezi: zahanati yao imeongoza, hakuna mgonjwa wa presha aliyefariki. Getrude akanunua soda. Wendelin hakuigusa yake.

“Sista, mrudishe dada yangu kwenye orodha.”

“Mzee Wendelin, si ameshafariki?”

“Ndiyo. Nataka aandikwe hivyo. Dada yangu hakuhama.”

Getrude aliitazama ile barua ya pongezi. “Tutashuka, mzee.”

“Tushuke,” alisema Wendelin, akaanza kulia, mtu mzima, mbele za watu.