Mahojiano ya Friji na Mtumishi

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wa Discovery Gardens, huku Uarabuni, na begi moja, sijui naelekea wapi. Kitanda changu kilikuwa kimeshatandikwa shuka la mtu mwingine.

Chanzo ni kitabu. Nilikuwa mlinzi wa jengo, na mpangaji mmoja alipohama alikitupa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini maandishi hayanipiti. Humo niliwakuta Wajerumani wa kale waliochoshwa na mapadri wao, wakichapa vikaratasi vya kuwasuta: mtawa mwenye kichwa cha mbwa mwitu anameza bata bukini, rozari mkononi; mkulima na jembe lake anamhoji padri mpaka padri anakosa la kujibu. Vingi havikuwa na jina la mwandishi. Nilicheka peke yangu pale langoni.

Nasi tulikuwa na wetu. Mwenye fleti, aliyetupangisha vitanda, alijitawaza mchungaji na kutaka aitwe Mtumishi. Ijumaa aliongoza ibada sebuleni. Safari moja alitufungisha mfungo wa siku tatu ili viza za wenzetu zitoke. Siku ya pili harufu ya biriani ya kuku ikatoka chooni, na komeo limefungwa kwa ndani.

Nikaandika changu, nikakibandika kwenye friji:

"FRIJI: Mtumishi, paja la kuku liko wapi?
MTUMISHI: Limenyakuliwa mbinguni.
FRIJI: Mbona mifupa imebaki?
MTUMISHI: Haikutubu."

Kaka mmoja wa Kampala alicheka hadi akakaa sakafuni. "Banange! Nani kaandika?"

Mtumishi alikuwa nyuma yake. Hakuuliza. Alitazama kikaratasi, kisha ratiba ya zamu za usafi iliyobandikwa pembeni. Ratiba niliiandika mimi, kwa mwandiko uleule. Wajerumani walikuwa na mashine.

"Khalas, yameisha, ndugu yangu," akaniambia. "Roho amenionyesha kitanda chako kina mtu mwingine."

"Amina!" wakaitikia wote, hata yule wa sakafuni.

Kesho yake ndipo nikatoka. Nilipanda basi la kwanza lenye nafasi, likanishusha Hatta, milimani. Kwenye shamba moja kando ya barabara, jamaa wa Tanga aliyekuwa akimwagilia mitende aliliona begi langu, akaniuliza nimefukuzwa kwa lipi. Nikamsimulia. Alicheka hadi mpira wa maji ukamlowesha miguu.

"Kwetu yupo shehe wa hivyo, kaka. Maulidi hayaanzi mpaka anuse pilau. Arbab, bosi wa shamba, hana neno ukinisaidia kumwagilia. Godoro lipo stoo, karibu na mbolea."

Mbolea ilinuka kweli, ila haikunihubiria.