Kubwimana Alivyolishwa Tonge kwa Ajili ya Taa

Mjukuu wangu Winfrida amenikalia kooni niandike habari za mkimbizi mmoja. Kwani wakimbizi wameishiwa midomo? Kalamu yenyewe naishika kama mwiko. Lakini nikimwachia yeye atamfanya Kubwimana malaika, na Kubwimana hakuwa malaika. Alikuwa mlafi mwenye maringo.

Alivuka kutoka Burundi miaka ile ya vita, na mkewe Générose na mfuko wa bisibisi. Kwao alitengeneza kamera za studio. Hapa kwetu Mwanga, mwisho wa reli, alipewa kibali cha kutoka kambini kwa sababu ya mashine ya macho, ile iliyokuja na daktari kwa treni. Daktari alijua jicho; matumbo ya mashine aliyajua Kubwimana, na hakutuacha tusahau. Kila aliyekaa foleni alihubiriwa: ndani kuna taa ya kioo, nyembamba kama kidole cha mtoto, imejazwa gesi ya zenoni. Ikipigwa umeme inawaka mara moja kama radi, mwako unaingia kwenye kijiti cha fuwele, na fuwele inatoa mshale wa mwanga unaotoboa ukungu jichoni.

"Ni ndugu yake flashi ya kamera," alisema, "ila hii imesoma."

Ukungu mimi nilikuwa nao. Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilitolewa mtoto wa jicho, likawekewa lenzi, nikaona vizuri, kisha ukungu ukaota nyuma ya lenzi. Nikawa namjibu mbuzi marahaba.

Siku ya foleni taa ilikuwa imechoka, Kubwimana akaweka nyingine. Taa ile haiguswi kwa kidole kitupu. Mafuta ya mkono yanaungulia juu ya kioo, na kioo kinapasuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Lakini alikuwa ametoka kula migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese, na mawese ya kwetu hayatoki kwa kujipangusa suruali. Walipita wagonjwa wachache, mara paa, taa ikapasuka ndani ya mashine. Zamu yangu ndiyo ilikuwa inafuata.

Ikabaki taa moja na glavu jozi moja, na treni ya daktari ilikuwa kesho yake jioni. Daktari akamwambia Kubwimana, tena bila kufoka, kwamba hii nayo ikipasuka arudi kambini akalime. Basi Kubwimana akasusa chakula kabisa, mafuta yasimguse tena mkono. Asubuhi akaja na glavu zake, kisanduku cha taa amekiinua kama padri na kikombe.

Sikuwa naona, lakini masikio yalikuwa mazima. Nikasikia kisanduku kinagongagonga mkononi mwake. Mtu anatetemeka kwa njaa, na jicho langu limo mle kisandukuni! Nikamuuliza Générose, aliyekaa nami benchini na bakuli la chakula, anangoja nini. Akasema mumewe hataki kuvua glavu.

"Basi mlishe," nikasema.

"Oya, hapana, Bibi," akadakia Kubwimana. "Mwanamume hatiwi tonge mdomoni mbele za watu."

"Kwani umesikia natafuta mchumba? Mimi nataka jicho. Weka hicho kisanduku mezani, fungua kinywa."

Foleni nzima ikacheka. Hamdani muuza samaki akauliza kama baada ya hapo atapigwapigwa mgongo acheue. Kubwimana akaweka kisanduku mezani, akainama. Générose akamtia tonge baada ya tonge, naye anatafuna kimya kama anayemeza dawa ya minyoo. Bakuli lilipoisha, akauliza kama mchuzi umebaki.

Ndipo akaingia ndani, na mkono ukatulia, na taa ikakaa. Nikaweka kidevu kwenye mashine. Nikasikia tak, tak, kama mtu anayeua chawa kwa kucha, na ukungu ukachanika katikati kama utando wa maziwa. Wa kwanza kumwona alikuwa Kubwimana, ugali umemganda kwenye ndevu. Kwa sauti ile nilikuwa nimemdhania mzuri.

Alirudi kwao wakimbizi waliporudishwa. Wanaume wa hapa wanamcheka hadi leo. Na wacheke. Mimi nimeandika yote haya kwa jicho lile, bila kushikwa mkono. Sasa wewe uliyesoma bure, kama una mtu Burundi, mtume amtafute Kubwimana, fundi wa taa, mume wa Générose. Amwambie ukungu haujarudi. Na jibu lake uniletee mwenyewe, usimpe Winfrida.