Kiti cha Nyuma

Musyoka wa mtaa wa Mbotela alikuwa ameshikilia kwamba lazima asafiri kwa pikipiki mpaka Ziwa Turkana, huko kaskazini, kisha akizunguke kisiwa kimoja cha mbali kwa mashua. Safari hiyo walikuwa wameipanga na mkewe, Kaluki, kabla saratani haijamchukua mwaka jana. Majirani walipomshauri atafute mwenzi wa kwenda naye, aliwafokea kwamba yeye si mtoto wa kushikwa mkono.

Jumamosi asubuhi akajaribu kupakia mizigo mlangoni pake. Mtungi wa petroli aliufunga ubavuni mwa pikipiki, hema upande wa pili, na blanketi na sufuria akazirundika juu ya tangi mpaka usukani ukakataa kugeuka.

Jirani yake Teresiah, aliyekuwa akianika nguo, akamuuliza, "Baba Mutuku, mbona unajitesa hivyo na kiti cha nyuma kiko wazi?"

Musyoka alikitazama kile kiti. Akafungua kamba, akahamishia kila kitu nyuma. Kisha akapanda, akawasha pikipiki, lakini hakuondoka.

"Sasa unangoja nini?"

Alikuwa akingoja kuguswa begani, kama Kaluki alivyomgusa kila alipokwisha kukaa vizuri nyuma yake.