Chai ya Mama Isiyo na Sukari

Daktari aliniuliza mara mbili. Alikuwa amevaa lile vazi la plastiki la wakati wa korona, yanaonekana macho tu. Mama yangu alikuwa kitandani nyuma yake, pale mapokezi ya hospitali mjini Nakuru, akivuta pumzi kwa mabega. Mgonjwa ana presha? Pumu? Sukari? Nikamjibu kwa majivuno kwamba mama ni mkulima wa Dundori, analima viazi na kukamua ng'ombe watatu kwa mkono wake, na hajawahi kulazwa.

"Huyu hata kwa chai hatii sukari," nikamwambia.

Mama alikuwa ananisikia. Alinitazama, kisha akafumba macho.

Miaka kadhaa alikuwa anakunywa chai bila sukari. Nilipomuuliza, aliniambia amefunga sukari kwa maombi mpaka wanangu wamalize shule. Nililia siku hiyo. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda juu ya nyanya anayefunga kwa ajili ya wajukuu, watu wakapiga makofi. Yeye alikuwa ameketi pale pale akitazama viatu vyake, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Daktari aliandika nilivyosema. Siku ya pili akaniita mlangoni mwa wodi. Walikuwa wamempima damu na sukari imepanda kupita kiasi. Dawa mojawapo waliyompa kwa ajili ya mapafu huipandisha zaidi, akasema, na korona ikimkuta mtu mwenye sukari mara nyingi humwangusha vibaya kuliko wengine. Nikamwambia mashine yao ni mbovu. Nilisema kwa sauti, wauguzi wakageuka. Halafu nikampigia simu dada yangu mdogo, aliyekuwa akiishi na mama, nimsimulie upumbavu wa watu hawa.

Hakuningoja nimalize.

"Ako na sukari," akasema. "Mwaka wa sita huu."

Vidonge vilikuwa ghalani, ndani ya gunia la mbegu za viazi. Huko mimi siingii, vumbi lake hunipigisha chafya mpaka jioni, na wote wawili walilijua hilo. Kila mwezi walikwenda kliniki pamoja, nami naambiwa wako sokoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwita dada yangu majina ambayo siwezi kuyaandika, kisha nikamuuliza kwa nini.

"Mami alikataa uambiwe. Alisema utasimama na yeye kanisani vile ulisimama na baba."

Baba alipougua tezi dume, niliinuka mbele ya waumini wote nikaomba aombewe, nikautaja ugonjwa na mahali ulipo. Nia yangu ilikuwa njema. Baba hakukanyaga tena kanisa lile mpaka alipokufa, na nyumbani hakuna aliyenieleza sababu. Mimi nilidhani amepoa kiimani. Hata hilo nililiombea hadharani.

Mama walimchoma insulini, wakabadilisha dawa, akapambana siku tatu. Daktari hakunilaumu. Alisema pengine hata wangejua mapema mapafu yangechoka vile vile. Pengine. Lakini nilimkasirikia mama akiwa bado anapumua, Mungu anisamehe, kwa sababu aliniacha nidanganye mtu aliyeshika uhai wake mkononi, na angeweza kunikatiza kwa neno moja.

Mazishini tulikuwa wachache, na barakoa usoni. Nilipewa kusoma historia ya marehemu kwa kuwa sauti yangu inafika mbali. Nilikuwa nimeandika kila kitu: sukari, gunia, kliniki, dada. Hata methali nilikuwa nayo tayari, mficha maradhi kifo humuumbua. Dada yangu alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi, ananitazama kama mtu anayesubiri kofi.

Nikasoma kwamba mama aliugua kifua kwa muda mfupi.

Watu walisema nimesoma vizuri. Dada alikuja akanishika mkono, nikauondoa, maana sikuwa nimemsamehe, na sijui kama nimemsamehe hata leo. Ile ndiyo siri pekee ya mama niliyowahi kuitunza, na sasa nimekwisha kuiandika.